Filamu ya Fumanizi Haiponyi Ndoa

Iko hukumu moja ambayo Kigoma nzima imeikubali bila rufaa. Utaisikia Mwanga, utaisikia Kibirizi, utaisikia barazani Ujiji baada ya sala ya alasiri: filamu inayogusa mke au mume aliyetoka nje ya ndoa ina kazi moja tu, kumwonyesha mzinzi akifumaniwa, akiaibishwa mbele ya majirani na akilipwa ubaya wake kabla mkanda haujaisha. Isipofanya hivyo inafundisha uzinzi, na mwenye kibanda cha video aliyeionyesha anastahili kufungiwa. Wazee wanasema hivyo, masheikh na wachungaji wanasema hivyo, na watengenezaji wetu wa filamu wamekwisha kuipigia magoti hukumu hiyo kwa kuwa inauza.

Mimi naipinga. Nasema filamu ya fumanizi haijailinda ndoa ya mtu yeyote, na shahidi ninayemleta ni sinema ya Japani, nchi ambayo kwa kuogopa aibu ya familia na minong'ono ya majirani haina la kujifunza kutoka kwetu.

Kwanza niwape wapinzani wangu haki yao, maana hawasemi upuuzi. Ukimwi umeingia katika nyumba nyingi kupitia mlango wa nyumba ndogo. Watoto wa shule huingia vibandani kwa sarafu chache wakaona wasiyopaswa kuyaona. Zipo pia filamu zinazouza ngono kwa jina la mapenzi, na hizo sina muda wa kuzitetea. Ugomvi wangu nao uko kwenye dawa. Wanadhani mtu akimwona mzinzi ameanguka kwenye skrini ataogopa na kutulia nyumbani kwake. Dawa hiyo tumeinywa miaka mingi. Tangu filamu za video za Kariakoo zilipotapakaa nchini katika muongo wa 2000, tumelishwa usaliti wa mapenzi asubuhi na jioni. Mwaka 2008 "Oprah" ya Steven Kanumba, Vincent Kigosi na Irene Uwoya ilizunguka nchi kwa hadithi ya marafiki wawili na mwanamke aliye kati yao. Zikafuata nyingine tele zenye simu iliyosahauliwa mezani, meseji iliyosomwa na mtu asiyeandikiwa, mlango uliosukumwa ghafla. Kaulimbiu ya kwamba michepuko si dili ikawa wimbo wa mtaani. Nani Kigoma hii atasimama aseme michepuko imepungua kwa sababu ya filamu hizo? Kilichoongezeka ni ufundi wa kupekua simu.

Wanajibu kwamba hayo ndiyo maadili yetu, kwamba hadithi ya Mwafrika sharti imtuze mwema na kumwadhibu mwovu. Twende polepole hapo. Mtindo huo katika filamu haukuzaliwa Ujiji. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment uliweka kambi Vugiri, katika milima ya Usambara, ukatengeneza filamu za mafunzo na kuzizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za jirani. Wenye mradi waliamini kwamba mtazamaji Mwafrika apewe somo moja, jepesi, lenye mwisho usio na utata, kwa kuwa zaidi ya hapo angechanganyikiwa. Baada ya uhuru kamera ilibadili mikono, imani ile ikabaki palepale. Bibi zetu hawakuwa na dharau hiyo kwa wasikilizaji wao. Sungura wa ngano huiba, hudanganya, huponyoka na kucheka, na sijasikia bibi aliyekatisha hadithi kwa kuhofia kwamba wajukuu wataamka wezi. Aliwaamini kuwa wana akili. Leo mtu mzima mwenye mke na watoto wanne anaambiwa kwamba akiona filamu isiyomwadhibu mzinzi, kesho yake atatafuta hawara.

Sasa tumwite shahidi. Mwaka 1997 Imamura Shohei alitwaa tuzo kuu ya Cannes, akigawana na Abbas Kiarostami wa Iran, kwa filamu iitwayo "Unagi", jina la samaki mkunga. Yamashita ni mfanyakazi wa ofisi anayependa kwenda kuvua usiku. Anapata barua isiyo na jina la mwandishi: ukiwa kwenye uvuvi, mkeo huingiza mwanamume. Usiku mmoja anakatisha uvuvi, anarudi mapema, anachungulia, anaona. Anamuua mkewe kwa kisu, anapanda baiskeli akiwa ametapakaa damu na kujisalimisha polisi.

Filamu ya fumanizi ingeishia pale. Imamura ndipo anapoanzia. Yamashita anatoka jela baada ya miaka minane akiwa na msamaha wa masharti. Anafungua duka la kinyozi katika mji mdogo na hazungumzi na mtu kwa moyo mweupe isipokuwa mkunga aliyemfuga tangu gerezani. Kadiri hadithi inavyokwenda, mtazamaji anaanza kutilia shaka hata ile barua: iliandikwa na nani, na je, iliwahi kuwapo, au ni wivu wa Yamashita uliojiandikia? Mke yule alikuwa nani, alitaka nini, mumewe aliwahi kumuuliza? Hatujui, na hatujui kwa sababu mumewe naye hakujua. Mtu aliishi na mwanamke nyumba moja, akamchinja bila kumfahamu.

Nani anaihitaji filamu hiyo kuliko mwambao huu? Kila msimu wa giza, wanaume wa Kibirizi na Katonga hupakia taa kwenye vipe na kuingia ziwani kutafuta dagaa na migebuka, wake wakabaki nyumbani hadi alfajiri. Mbalamwezi ikikomaa, taa haziwavuti tena samaki, na wanaume hulala nyumbani. Mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, mume aliyezoea kulala majini akajikuta miezi mitatu yumo ndani. Ndoa za mwambao zinaishi kwa kalenda ya mwezi na ya serikali, na katika usiku wa giza kuna umbea wa kutosha kumfikia mvuvi kabla hajatia nanga. Filamu za fumanizi humwambia mvuvi huyo: rudi mapema, sukuma mlango. "Unagi" inamwonyesha kinachotokea baada ya mlango kusukumwa. Niambieni, ipi kati ya hizo mbili inaokoa maisha?

Kuna atakayesema: basi tunyamaze, tuvumilie, tufunike. Sinema hiyohiyo ya Japani inakataa hilo pia. Mwaka 2021 Hamaguchi Ryusuke alitoa "Drive My Car", filamu ya karibu saa tatu iliyopata Oscar ya filamu bora ya kimataifa mwaka 2022. Kafuku, mwigizaji na mwongoza tamthilia, anafika uwanja wa ndege, safari inaahirishwa, anarudi nyumbani na kumkuta mkewe na mwanamume mwingine. Anafunga mlango taratibu na kuondoka, wala hasemi neno, siku hiyo wala siku zilizofuata. Siku mkewe anapomwambia kwamba jioni wana jambo la kuzungumza, Kafuku anachelewa kurudi makusudi, na akifika anamkuta amekufa kwa maradhi ya ghafla. Sehemu yote iliyobaki ni mtu anayebeba mazungumzo ambayo hayakufanyika. Walinena wahenga kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na Hamaguchi ametengeneza filamu nzima juu ya ukweli huo bila kumchapa mtu yeyote kiboko. Yamashita aliua, Kafuku alinyamaza, na wote wawili walimpoteza mke wasiyemjua.

Njia ya tatu ni ngumu zaidi, na Ozu Yasujiro aliionyesha mwaka 1956 katika "Soshun". Shoji ni karani wa kampuni jijini Tokyo. Kila asubuhi hupanda treni ileile na umati uleule. Yeye na mkewe Masako walifiwa na mtoto, na tangu hapo nyumba imekauka maneno. Shoji anaingia katika uhusiano na msichana wanayesafiri naye treni moja. Masako anagundua na kuondoka nyumbani. Hakuna fumanizi la hadharani, hakuna laana. Kampuni inamhamishia Shoji Mitsuishi, mji mdogo wa viwanda ulio mbali na jiji, na huko, baada ya muda, mkewe anamfuata. Wanasimama dirishani wakiangalia treni inayopita kuelekea Tokyo na kukubaliana kuanza upya.

Watumishi waliowahi kupangiwa kazi Kigoma, mwisho wa reli iliyotufikia mwaka 1914, wataielewa Mitsuishi bila kufafanuliwa. Wangapi wameletwa huku kwa barua ya uhamisho, mke akabaki Dodoma au Morogoro, na kila mmoja akaanza maisha ya pili yasiyo na jina? Ozu hamsafishi Shoji. Alikosa, na filamu inasema alikosa. Lakini inauliza pia kuhusu mtoto aliyekufa asizungumzwe, mshahara mdogo, kazi isiyo na matumaini, nyumba ambamo watu wawili hupishana tu. Hayo ndiyo mambo yanayoila ndoa kama mchwa, na hayo ndiyo ambayo filamu zetu huyaruka ili ziwahi kwenye fumanizi.

Wapinzani wangu hupenda kuleta dini katika hatua hii. Nami naipokea, kwani Ujiji ni mji wa dini. Sheria ya Kiislamu inataka mashahidi wanne walioona kwa macho yao ili zinaa ithibitike, na anayemsingizia mwanamke mwenye heshima zake bila mashahidi hao hupata viboko themanini. Katika Injili ya Yohana, wenye mawe mikononi ndio walioondoka kwa aibu. Dini zote mbili zimemwekea mshitaki masharti mazito. Filamu ya fumanizi haimwekei sharti hata moja: humpa simu yenye kamera na umati wa kushangilia. Sheria ya nchi nayo iko upande wangu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimpeleki mzinzi jela. Inamruhusu aliyesalitiwa kudai fidia kwa mgoni, na inauchukulia ugoni kuwa ushahidi mmojawapo kwamba ndoa imevunjika. Kwa kawaida haipokei shauri la talaka kabla wanandoa hawajapita katika baraza la usuluhishi, wasikilizwe wote wawili. Mnadai filamu iwe kali kuliko Kurani, kuliko Injili na kuliko Bunge. Mamlaka hayo mmepewa na nani?

Wajapani wanajua adhabu ilivyo, kwa kuwa waliijaribu. Kifungu cha 183 cha sheria yao ya jinai ya mwaka 1907 kilimfunga mke mzinzi na mwanamume aliyezini naye. Mume aliyetembea na mwanamke asiye mke wa mtu hakuguswa. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 1947. Miaka saba baadaye Mizoguchi Kenji alitoa "Chikamatsu Monogatari", kutokana na tamthilia ya mwaka 1715. Osan ni mke wa tajiri mchapa kalenda wa Kyoto. Anahitaji fedha za kumwokoa kaka yake, na mfanyakazi Mohei anajaribu kumsaidia. Kwa mkanganyiko wa usiku mmoja wanashukiwa kuwa wapenzi, nao si wapenzi. Aliyekuwa akimsumbua mtumishi wa kike ndani ya nyumba ile ni mume mwenyewe, tajiri mwenye heshima zake. Osan na Mohei wanakimbia kwa kuwa adhabu ya ugoni ni kusulubiwa. Wanafika Ziwa Biwa, wanapanda mashua wajitose wafe, na hapo majini ndipo Mohei anapokiri kwamba amempenda siku zote, na Osan anapokataa kufa. Umati uliotaka kuwaadhibu kwa mapenzi yasiyokuwapo ndio uliowakutanisha. Aliyewahi kuona mke akisingiziwa mtaani mpaka akamwendea kweli yule aliyesingiziwa naye ataujua ukweli wa filamu hiyo.

Mizoguchi huyohuyo alikuwa ameshalipitia ziwa hilo mwaka 1953 katika "Ugetsu". Genjuro mfinyanzi anavuka Biwa na vyombo vyake wakati wa vita, ukungu umetanda, maharamia wako majini. Anamwacha mkewe Miyagi na mtoto pwani akiahidi kurudi upesi. Ng'ambo biashara inamnyookea, anakutana na bibi mrembo wa ukoo mkubwa, anasahau nyumbani. Bibi yule ni mzimu. Wakati Genjuro anastarehe, Miyagi anauawa njiani na askari wenye njaa. Hapa kwetu wapo wanaovuka kwenda Kalemie, Uvira na Bujumbura, na majambazi wa ziwani wanaopora injini na nyavu tunawajua. Nyumba ya ng'ambo haianzi kwa tamaa ya mwili peke yake. Inaanza kwa mtaji uliokua, vita iliyofunga njia, usiku mrefu wa bandarini. Kwenye Ziwa Victoria upande wa Kenya, mwanamke mchuuzi anayelazimika kulala na mvuvi ili apate samaki ana jina kabisa kwa biashara hiyo: jaboya. Mtaieleza jaboya kwa kumwonyesha mwanamke huyo akifumaniwa? Mtakuwa mmemwadhibu kwa umaskini wake na kumwacha mwenye mtumbwi akienda zake.

Linabaki pingamizi la mwisho: Japani ni mbali, utamaduni wao si wetu. Mwambao huu hauna haki ya kusema hivyo. Tangu mwaka 1965, Nishida Toshisada na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyoto walipoweka kambi Kasoge, milima ya Mahale imekuwa na Wajapani, na mwanaanthropolojia Kakeya Makoto aliishi na Watongwe hadi akafunzwa uganga wao. Watu hao walikaa, wakatazama, wakaandika, na hawakukimbilia kuhukumu. Kuhusu utamaduni, kumbukeni kwamba mwaka 2011 televisheni ya taifa ilituletea tamthilia ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili, "Maisha ya Dou Dou na Mama Wakwe Zake", na wananchi wakaifuatilia hata Rais Xi Jinping akaitaja alipohutubia Dar es Salaam mwaka 2013. Ilikuwa habari ya mke kijana, mume na wakwe, na hakuna aliyelalamika kwamba haikumchapa mtu. Tulijiona mle.

Sisemi kila filamu ya Kijapani ni dawa. "Shitsurakuen" ya mwaka 1997, ambamo wapenzi wawili walio na ndoa zao wanaamua kufa pamoja, inaremba mauti, na mimi siwezi kumpendekezea mtu. Wala sisemi tuige. Amil Shivji ametuonyesha kwamba tunaweza wenyewe. "Vuta N'Kuvute" yake ya mwaka 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, inamfuata Yasmini anayemkimbia mume mzee aliyeozwa kwake na kumpenda Denge, mpigania uhuru. Kwa kipimo cha barazani, Yasmini alistahili kufumaniwa. Shafi na Shivji walituuliza swali jingine: nani alimwoza, na kwa ridhaa ya nani? Filamu hiyo ilifika Tamasha la Toronto, ikiwa ya kwanza ya Tanzania kufika huko.

Kwa hiyo madai yangu ni haya. Bodi ya Filamu ipange madaraja ya umri na kuyasimamia vibandani kwa ukali wote, mtoto asiingie palipo pa wakubwa. Hiyo ndiyo kinga ya mtoto, na haihitaji kumfanya mtu mzima mtoto. Watafsiri wa filamu, warithi wa kazi ya mkongwe wao Lufufu, waache kung'ang'ania mapigano peke yake na watafsiri "Unagi" na "Soshun" kwa Kiswahili cha watu, wavuvi wazione msimu wa mbalamwezi. Watunzi wetu wathubutu kuandika ndoa ya mvuvi, ya mchuuzi wa dagaa na ya mwalimu aliyehamishwa, kuanzia siku maneno yalipoanza kukauka ndani ya nyumba. Nao wazee, masheikh na wachungaji, ambao kila wiki husuluhisha ndoa hizohizo na wanajua kwamba hakuna hata moja iliyovunjika kwa siku moja, waseme hadharani wanayoyajua faraghani.

Anayetaka filamu ilinde ndoa aache kuuliza mzinzi ameadhibiwaje. Aulize ndoa ile ilikuwaje kabla mtu hajatoka nje. Filamu isiyojibu swali hilo haina haki ya kuitwa ya maadili, hata ikimzika mzinzi mara kumi.